Tulihesabu Ndege Juu ya Paa la Kwetu

Sisi tuliolelewa Kihoto, kule Naivasha, hatukuwa na saa ukutani. Tuliamshwa na furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayekula samaki, akipiga ukelele wake kutoka kwenye migunga ya manjano upande wa ziwa. Akilia mara ya kwanza, mama anawasha stovu. Akilia tena na wewe bado umejifunika blanketi, unanyunyiziwa maji ya mtungi, na wenzangu wa rika langu mnajua maji ya alfajiri ya Naivasha yalivyokuwa yakiuma. Watoto wa leo wanaamshwa na simu kwa muziki laini, wanaizima, wanalala tena, halafu wanasema mwalimu ndiye asiyewaelewa.

Ziwa lenyewe lilikuwa mbali. Naomba mlishike hilo, maana mimi mwenyewe siku hizi nalazimika kujikumbusha. Kutoka ploti yetu ulipita shamba la sukumawiki la jirani, ukapita uwanja, ukapita mafunjo marefu kuliko baba yako, ndipo miguu ikaanza kuzama kwenye matope na ukasikia harufu ya maji. Uwanja ule ulikuwa wa vumbi tupu. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa majuala ya plastiki uliofungwa kwa kamba, tukaruka bladaa, ile kamba ya mipira, mpaka kiatu kikafunguka mdomo, na jioni tulirudi nyumbani nyusi zote zimekuwa za rangi moja, rangi ya vumbi. Mama alikuwa akitupanga mstari mlangoni na kusema, "Simjui wangu ni nani hapa. Aoge kwanza, ndio nimtambue."

Chakula kilikuwa githeri, na siku ya Jumapili tilapia kutoka ziwani, mnono, aliyekaangwa kwa nyanya hadi ploti nzima ikajua. Ploti yetu ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati zilizotazamana, na bomba moja katikati. Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, wote foleni moja na ndoo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Atieno, rafiki yangu, ambaye baba yake alikata maua ya waridi kwenye mashamba ya maua. Atieno aliweza kuiga mlio wa ndege yeyote. Alikuwa akilia kama furukombe adhuhuri, na akina mama wakubwa na akili zao wanatoka nje kuangalia juu.

Karibu na lango alikaa Mzee Barasa, fundi seremala. Mvuke wa gundi yake na harufu ya maranda ya mbao ndiyo iliyokuwa harufu ya kufika nyumbani. Alituchongea pia za kuzungusha, bure, ila lazima useme asante mara mbili, moja kwake na moja kwa mti. Milango yote ya ploti ilikuwa kazi ya mikono yake. Ilikuwa mizito, ya mvule, kwenye nyumba za mabati ambayo ungeweza kuyatoboa kwa kisu. Watu walimcheka. Yeye akawa anasema, "Mwizi atapita ukutani. Lakini mgeni atapita mlangoni, na mgeni ndiye wa kuheshimu."

Viboko walikuwepo, lakini walikuwa na kwao na sisi tulikuwa na kwetu. Mara moja moja tuliamka tukakuta nyayo zao kwenye sukumawiki, kubwa kama sufuria. Mama alitukataza kwenda mafunjoni peke yetu. "Kiboko hapigi hodi," alisema, na hakuongeza neno, na hatukuhitaji aongeze.

Maisha yakanibeba. Niliolewa Nakuru, nikafungua duka la kushona sare za shule. Mama naye akahamia Njoro kwa kitinda mimba wetu. Sikuwa na sababu tena ya kushukia Kihoto. Ziwa lilipoanza kufurika, niliona kwenye taarifa ya habari kama kila mtu. Nilisikitika, nikapiga simu kwa niliokuwa na namba zao, nikachanga nilichoweza kanisani. Nikadhani nimejua.

Mlango wa pili kutoka dukani kwangu kuna hadiwea ya Bwana Harjit, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, kama baba yake. Mtu huyu huuza misumari na rangi siku sita, na siku ya saba huenda kutazama ndege. Ndiye huwakusanya wanaojitolea, walimu, watu wa boda, wanafunzi wa chuo, akina mama wa kanisa, wakazunguka maziwa yetu kuhesabu ndege na wanyama, kisha wakapeleka walichoona kwa wataalamu wa wanyamapori. Hakuna malipo. Unapewa chai ya chupa na mkate.

"Mama Njeri," akaniambia siku moja, akiegemea kaunta yangu, "safari hii ni Naivasha. Wewe ni mtoto wa kule. Kuja utuonyeshe njia."

Nilicheka. "Bwana Harjit, enzi zile tungehesabu ndege tungechapwa kwa kuzurura."

"Sasa hakuna wa kukuchapa. Kuja."

Nikaenda, nimevaa raba mpya na leso begani, moyo wangu mwepesi. Njiani nilikuwa nikiwasimulia vijana habari za uwanja wetu. Aliyeketi kando yangu alikuwa Chebet, msichana wa chuo, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza hesabu kwenye simu. Alinisikiliza kwa sikio moja, lile lingine limezibwa na kidude cha muziki.

Tulipofika, barabara iliingia majini.

Sijui niseme vipi. Haikuishia penye maji, iliingia. Lami ikashuka taratibu ikazama, na nguzo za stima zikaendelea mbele peke yake, moja nyuma ya nyingine, zikawa fupi kila hatua. Nilisimama nimeshika mlango wa gari. Bwana Harjit akaniuliza kwa upole, "Mama Njeri, ni njia gani?"

"Njia ni hii," mtu akajibu nyuma yangu. "Lakini siku hizi inapitwa kwa boti."

Alikuwa Atieno. Nywele zimeingia mvi, mwili umejaa, lakini sauti ni ile ile. Tulikumbatiana hadi leso yangu ikaanguka. Kumbe ndiye kiongozi wa wanaojitolea upande wa Kihoto. Nyumba yake pia ilikuwa imezama, na sasa alipanga chumba juu huko, ng'ambo ya reli. "Nilikuwa nakuja kila siku kuangalia kama maji yamerudi," akaniambia. "Nikaona heri nikija, nihesabu kitu."

Tukapanda boti, tukavishwa jaketi za kuokolea za rangi ya machungwa. Mwenye boti alituendesha polepole kati ya mapaa. Juu ya paa la kanisa walikuwa wamejipanga minandi weusi, wamekunjua mabawa yao kukausha, kama waumini walionyoosha mikono. Ndege wengine weusi wenye paji jeupe waliogelea wakiingia na kutoka kwenye madirisha ya watu. Chebet alikuwa na furaha. Alitaja, akabonyeza simu, akataja tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, natafuta kitu chochote ninachokijua.

"Boss, boss!" Chebet akamwita Bwana Harjit. "Ona ule korongo kwa paa! Na kuna kiota hapo chini, kwa dirisha!"

Nikaangalia. Mabati yenye kutu, safu mbili zinazotazamana. Katikati ya maji bomba la chuma limechomoza, limepinda kidogo kushoto, upande ambao watoto wote wa ploti walikuwa wakiliegemea. Korongo alikuwa amesimama juu ya chumba chetu, mguu mmoja umekunjwa. Kiota kilikuwa kimefungwa kwenye fremu ya dirisha ambalo mama alikuwa akitolea kichwa kutuita tukale. Ndani ya kiota mlikuwa na mayai.

"Hapo ni kwetu," nikasema.

Chebet akakitoa kile kidude sikioni. "Aje, mathe?"

"Hapo ndipo nilipozaliwa."

Alinitazama, akaangalia paa, akanitazama tena. "Kwani hapa kulikuwa na watu?"

Sikumlaumu. Bwana Harjit alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na maji. Ndipo tukasikia mtu akikohoa.

Alikuwa kwenye ploti, nyuma ya safu ya pili, maji yakimfika kifuani. Mzee mwembamba, shati limeshikamana na mbavu, akivuta kitu kutoka kwenye nyumba ya langoni. Alikuwa ameng'oa mlango. Aliusukuma mbele yake juu ya maji kama mtu anayemwogesha ng'ombe.

"Mzee Barasa!" Atieno akaita. "Tulisemaje? Tulisema usiingie huku!"

"Naenda, naenda," akajibu bila kugeuka. "Nachukua huu mmoja tu."

Maji kati yake na sisi yakapanda, na kichwa cha kiboko kikatokea.

Nilikuwa nimewaona viboko maisha yangu yote, wakiwa madoa ya mbali. Sikuwahi kumwona mmoja akipumua ndani ya ua ambamo nilijifunza kutembea. Masikio yalitikisika. Nyuma yake kikatokea kichwa kingine, kidogo. Mwenye boti akaongeza moto wa injini ili ajitupe mbele, na Atieno akamshika mkono kwa nguvu.

"Usimzibie njia! Huyu tunamjua. Ana mtoto, na hutoka kwa lango kurudi mafunjoni. Tukikaa langoni, tumemwua mzee. Zunguka nyuma, kwa choo."

Ndivyo Atieno na wenzake walivyokuwa wamemwona kiboko huyo, wiki baada ya wiki, wakiandika anapoingia na anapotoka. Boti ikazunguka. Atieno akapaza sauti, "Mzee, achana na mlango! Panda choo!" Nami nikajikuta napiga kelele pia, kwa sauti ya utotoni, "Panda, Mzee Barasa, panda!"

Sijui kama ni jina lake au ni sauti yangu. Aliachia. Akashika ukingo wa choo cha mawe, akajivuta juu ya bati. Mlango ukaelea ukageuka, ukaenda moja kwa moja kwenye lango ambalo kiboko alikuwa akilielekea.

Kiboko alifungua kinywa akauma. Mlango wa mvule, ambao wanaume wawili walihitajika kuubeba, ulipasuka kwa mlio mmoja, ukawa vipande. Kisha mama na mtoto wakapita katikati ya vipande hivyo, wakazama, wakaenda zao.

Chebet alikuwa analia bila sauti. Tulimshusha mzee kwenye boti, nikamfunika leso yangu. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alivitazama vipande vikielea, muda mrefu.

"Ningekuwa mimi," akasema.

Kisha akanitazama usoni, akakunja macho. "Wewe ni wa mama yule wa kuogesha watoto mlangoni."

"Ndiye mimi, mzee."

"Mlango wenu nao umebaki ndani. Mzima. Niliuona." Alisema kana kwamba ananiomba msamaha.

Binti yake anaishi Rhonda, hapa Nakuru, na alikuja kumchukua jioni ile ile. Huwa nampitia nikifunga duka. Chumba ni kidogo, hakuna pa kuweka randa wala msumeno. Hukaa nje kwenye kiti cha plastiki, huangalia watu, na huniuliza kama maji yameshuka. Namwambia bado.

Nami nimeendelea kwenda kuhesabu. Chebet pia anaendelea, na siku hizi hazibi masikio tunapokuwa njiani. Kabla ya kutaja ndege huniuliza hapo palikuwa nyumba ya nani, nami namwambia. Atieno na wenzake wamefunga vitambaa vyekundu kwenye nguzo za stima, palipo na njia za viboko, na wanaokwenda kuokoa mabati yao hupita kwingine. Tangu siku ile hakuna aliyeumizwa pale. Ndilo jambo ninaloshukuru.

Lakini juzi tulipotoka majini, niliwakuta watoto wakicheza pale lami inapozama. Mmoja alikuwa amejikunyata, wengine wameshikana viuno kwa msururu, wakizunguka kwa makini. Nikamuuliza Atieno ni mchezo gani huo, maana sikuujua.

"Ni boti na kiboko," akasema. "Yule aliyekaa ndiye kiboko. Hao wengine ni boti. Wakimzibia njia, anawala."

Kiboko akaruka, msururu ukakatika, wakaangukiana wakicheka hadi wakakosa pumzi. Walikuwa na furaha ile ile tuliyokuwa nayo sisi, kamili, haikupungua hata kidogo, na hilo ndilo lililonishtua kuliko paa la kwetu. Sisi tukikutana tunalilia uwanja wa vumbi. Hawa, siku moja nywele zao zikiingia mvi, watakaa na wajukuu wao na kuyalilia maji haya.