Isale kwenye Meza ya Majaji

Kaanaeli Sumari aliliona jani kabla hajavuta kiti. Lilikuwa limelazwa mezani, mbele ya mahali pake, refu na bichi, limefungwa fundo katikati. Isale! Aliyelelewa kwenye miteremko ya Meru au ya Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na msamaha huo haukataliwi.

"Shikamoo, Mama Sumari," alisema Hans kutoka upande wa pili wa meza. Leo sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeamkia kanisani.

"Marahaba." Aliketi bila kuligusa.

Kaanaeli hakuwahi kuota kuwa jaji wa kitu chochote. Ni mjane wa kijiji cha Kikwe, anauza miche ya nyanya na parachichi sokoni Tengeru, na watu wanamjua kwa mambo mawili: miche yake haifi, na mdomo wake haufungiki. Waandaaji wa Tuzo ya Jamii Ndogo za Kaskazini walipotafuta "mama wa kawaida" wa kukaa na majaji wawili wasomi, usharika wa kanisa lake ukampendekeza. Walitaka mtu wa kupendezesha picha na kuitikia ndiyo. Waligonga mlango usio wao.

Majaji wenzake ni Hans, Mchaga mwenye kampuni ya kutembeza watalii, na Mwalimu Lemburis, Mwarusha mstaafu, mwenyekiti wao, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko njaa. Washindani walikuwa wamebaki wawili. Stanley, kijana wa mjini, anapeleka wageni kuwatazama wawindaji na kuwapiga picha. Naisiae, Mwakie wa Simanjiro, kutoka jamii ndogo ya wawindaji na warina asali, ameanzisha darasa la watoto wadogo wanaofundishwa kwa Kiakie, lugha ambayo wazee wake wanaondoka nayo kaburini mmoja mmoja.

Wiki iliyopita Naisiae alikuja kuhojiwa. Alikuwa hajamaliza hata kueleza darasa lake lilivyoanza, Hans akaegemea kiti na kuuliza, "Hebu tuambie, dada. Nyie Wandorobo mna lugha kweli, au mnawapigia nyuki miluzi tu?"

Wandorobo ni jina la kuwadharau Waakie, na ukumbi ulicheka. Watu walioitwa kusherehekea jamii ndogo walicheka mpaka machozi. Naisiae alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Kaanaeli alipiga meza kwa kiganja na kumwambia Hans amfuate binti huyo sasa hivi. Hans akamjibu, "Mama, wewe kauze nyanya."

Sasa kanuni ilikuwa wazi. Mshindani asiyemaliza mahojiano anaondolewa, ila matokeo hayatangazwi bila sahihi za majaji wote watatu. Kaanaeli alikuwa amekataa kutia sahihi yake mpaka Naisiae aitwe tena. Ndiyo maana jani lilikuwa mezani.

"Nilikukosea, mama," alisema Hans. "Nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Nimeenda mwenyewe hadi mgombani kwa baba yangu kulichuma. Nisamehe, tutie sahihi, tumalize."

Mwalimu Lemburis alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Hapo sasa! Mama Sumari, mila imeshasema."

Kaanaeli alilitazama lile fundo. Alipokuwa msichana, kaka yake Joel aligongwa na lori la jirani, akafa. Jirani alikuja uani na isale mkononi, akasimama kwenye mvua. Baba yake Kaanaeli alitetemeka mwili mzima, panga likiwa ukutani nyuma yake, kisha akanyoosha mkono akalipokea. Jirani huyo ndiye aliyebeba jeneza. Kama baba aliweza lile, yeye ni nani wa kukataa kwa ajili ya neno nyanya?

Alinyoosha mkono, akalichukua. Hans akatabasamu na kumsogezea kalamu.

"Nimekusamehe," alisema Kaanaeli. "Kwa yale uliyonitukana mimi, yameisha. Sitayataja tena mpaka nife." Kisha akairudisha kalamu. "Lakini ya Naisiae siyo yangu. Siwezi kusamehe kwa niaba yake."

Tabasamu lilimkauka Hans. "Mama, unachezea isale?"

"Anayelichezea ni nani, mwanangu? Mimi niliyelipokea, au wewe unayelitumia kununua sahihi?"

"Mwenyekiti! Unasikia?"

Lemburis alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kaanaeli hakumwonea huruma. "Mwalimu, ukitaka nitie sahihi, nitatia leo hii. Huyu aende kwanza kwa Naisiae mwenyewe. Yuko hapa mjini, Ngarenaro, kwa dada yake, Nashipae. Basi lake la kurudi Simanjiro ni kesho."

Lemburis aliivaa miwani na kuinuka. Hatimaye mwenyekiti alisema, kwa sauti iliyomshangaza hata yeye, "Twende."

Masale yalikuwa yamepandwa kwenye ua wa jengo lile. Hans alichuma jingine kwa hasira, nusura ang'oe na mche.

Naisiae walimkuta mbele ya karakana ya milango ya chuma, anamsaidia dada yake kumenya ndizi. Mafundi walizima mashine kuona wageni wenye suti wanatafuta nini. Hans alimnyooshea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Naisiae hakulipokea. "Hiki nini?"

Kaanaeli alimtazama Naisiae, kisha jani. Kwa umri wake wote hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao isale haliwaambii chochote.

"Ni isale," alisema Hans. "Kwetu ukimpa mtu..."

"Kwetu ni jani, bwana Hans. Kama una neno, liseme kwa mdomo. Siku ile mdomo ulikuwepo."

Fundi mmoja akaguna, "Umepatikana, bosi!" Nashipae akamkata jicho.

Hans aliangalia viatu vyake. Angeweza kugeuka aingie kwenye gari, na kila mmoja pale alijua hivyo.

"Nilikutukana," alisema. "Wewe na watu wako. Haikuwa utani. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema Naisiae. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga. "Mahojiano tuliishia wapi?"

"Hapa barabarani?" aliuliza Lemburis.

"Nilichekwa mbele ya watu, Mwalimu. Niulizeni mbele ya watu."

Basi Hans akauliza upya, taratibu, jani likiwa bado mkononi: watoto wanajifunza nini kwa Kiakie? Naisiae alianza na hadithi anayowafungulia darasa, kwa lugha yenyewe, bila kutafsiri. Hakuna aliyeelewa hata neno. Hakuna aliyecheka pia.

Walipiga kura jioni ileile. Lemburis na Kaanaeli walimchagua Naisiae. Hans alibaki na Stanley, na alisema hivyo waziwazi, macho makavu. Kaanaeli alitia sahihi ya mwisho.

Wakitoka, Hans alimuuliza, "Mama, na lile jani langu la kwanza?"

"Limeshapokelewa," alisema Kaanaeli, akalisukuma jani ndani zaidi ya mkoba wake. "Nipe lifti hadi Tengeru, na njiani usinieleze kuhusu Stanley."