Mama Mkwe Chini ya Mplamu wa Baba

Enzi zetu hakuna mtu aliyelipa kiingilio ili akachume plamu. Nani angekuelewa? Ungesimama langoni kwetu, nje kidogo ya Kitale, useme umetoka mjini na pesa mkononi ukitaka kupewa ruhusa ya kufanya kazi ya shamba, mama angekupa uji kwanza, halafu angetuma mtu amwite mchungaji akuombee. Mgeni alikuja tu, gunia tupu limekunjwa chini ya kwapa, akijifanya amekuja kutujulia hali.

Na walikuja kwa misimu, hao wageni. Avokado zikikomaa, tulikumbukwa na watu wa Naitiri. Mapera yakiiva, wanakwaya walianza kufanyia mazoezi kwetu. Lakini Disemba, plamu zikishaanza kuwa nyekundu, ndipo tuligundua kwamba tuna ukoo. Wakaja mashangazi kutoka Bungoma ambao mwaka mzima hatukuwasikia, hata tulipouguliwa. "Tumesema si tuwaone tu," wanasema, macho yako kwenye miti. "Ati hizi pramu zimeiva?"

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupiga madebe tangu asubuhi kufukuza ndege. Ndege waliogopa, mashangazi hawakuogopa. Tukichoka tulishindana kutema kokwa hadi ng'ambo ya ua, meno yamekufa ganzi kwa ule uchachu, na jioni matumbo yakatulipiza. Mama naye alichemsha jamu kwenye sufuria ya harusi, nyumba nzima inanukia sukari, nyuki wamejaa mlangoni. Watoto wa leo ukiwapa plamu wanauliza kwanza kama imeoshwa.

Baba alinunua kile kipande cha shamba kutoka kwa mzungu aliyekuwa anahama, pamoja na miti yake, na aliipenda ile miti kuliko alivyotupenda sisi. Kila mgeni alisomewa sheria langoni. Usivute tawi. Usichume mbichi. Usiguse za juu. Na ule mplamu mkubwa wa katikati, ambao haukuwahi kupogolewa ukajifunga majani kama kichaka, huo usiukaribie kabisa. "Mti si ng'ombe," alisema, "haukamuliwi asubuhi na jioni." Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Baba alisema mgeni njoo, lakini njoo ukiwa umeshiba.

Habari za uchoyo huo zilifika Myanga kwa Kukhu, nyanya yetu aliyemzaa mama. Kukhu akaapa: "Sitakula kwa mtu anayehesabu majani ya mti." Tangu mama aolewe, hakuwa amekanyaga kwetu. Msione ni jambo dogo. Siku hizo kwa mwanamke wa Kibukusu, mamako asipokula kwako ni kama hujaolewa, umepanga chumba tu. Kila Krismasi mama alipika chakula kingi kuliko sisi, akaangalia barabara, halafu akaenda kulia nyuma ya jiko akisema ni moshi.

Sasa Disemba moja akina mama wa kanisa la Myanga wakapanga kututembelea, na Kukhu akaja nao. Alituma neno mapema ili tusijidanganye: "Nakuja na kanisa. Siji kwa mkwe, na kitu chake sitaonja." Mama hakujali. Alisugua viti, akafagia hadi chini ya miti. Baba yeye alijali plamu. Asubuhi hiyo, kabla ya wageni kufika, alipanda ule mplamu wa katikati avune za juu azifiche. Alipanda na kaptura yake ya kazi, ile iliyotoboka makalioni.

Lakini akina mama wa kanisa wakisikia plamu, bana, hawangoji saa sita. Pikapu ikaingia mapema, nyimbo juu, na kabla baba hajapata pa kukanyaga ashuke, uwanja umejaa vitambaa vya kichwa, Kukhu mbele.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakionana njiani mmoja huingia porini mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima. Sasa mkwe yuko juu, mama mkwe yuko chini, na kaptura ndiyo hiyo. Kama Kukhu angeinua macho akaona alichokuwa karibu kuona, angerudi Myanga kwa miguu na tusingemwona tena.

Mimi nilikuwa nimeona kisigino cha baba kwenye majani. Nikafungua mdomo. Mama akanipiga jicho moja, nikaufunga. Halafu akabeba kiti kizuri cha sebuleni, akakiweka chini ya mti uleule, akamkalisha mamake. Akageukia wageni na sauti ya kuhubiri: "Chumeni, mama zangu! Mwenye shamba hayuko!"

Wee! Walichuma kama nzige. Walivuta matawi, wakachuma mbichi, mmoja akaleta jembe ili afikie za juu. Na baba, mwanaume aliyeweza kusikia jani likivunjika akiwa Kitale mjini, hakukohoa. Siafu walikuwa wanapanda ule mti, niliwaona kwa macho yangu. Nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Kukhu peke yake hakugusa kitu. Alikaa mikono mapajani, mdomo umebanwa. Mama alimletea sahani, akasema ameshiba. Mama akaileta tena, akasema ameshiba. Nikaona midomo ya mama inaanza kutetemeka, na mara hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Ndipo plamu moja ikaanguka kwenye mapaja ya Kukhu. Nyekundu, imeiva, haina hata kidonda. Akaitazama. Ikaanguka nyingine. Upepo haukuwepo. Zilikuja moja moja, taratibu, zile za juu kabisa ambazo sisi wenyewe hatukuwahi kupewa. Kukhu hakuinua kichwa. Alivuta leso yake mpaka usoni, akapangusa plamu moja, akaila. Akala na ya pili.

"Huu mti una adabu," akasema kwa sauti, akimtazama mama. "Nilikuwa nimeambiwa ni mchoyo."

Walipoondoka, baba alishuka amevimba miguu, hawezi kusimama sawasawa. Tulingoja aanze kulilia matawi yake. Alimuuliza mama neno moja tu: "Alikula?"

"Alikula," mama akasema. Baba akaenda kujimwagia maji, na jioni hiyo mama aliimba akiosha vyombo hadi tukashindwa kulala. Kukhu akawa anakuja kila Disemba, na baba kila Disemba akawa anapotea mapema.

Leo shamba ni la ndugu yangu, na amejua kweli kula pesa za vijana. Kuna lango, kuna tiketi, kuna ukanda wa karatasi unafungwa mkononi kama mgonjwa. Vijana wanatoka Eldoret na Nairobi, wanachuma plamu moja, wanapiga nayo picha arobaini, wanaiacha kwenye nyasi. "Wasee, hii place ni noma!" Noma gani na hamjala?

Disemba iliyopita binti yangu na mumewe walinipeleka huko. Sasa mimi ndiye mama mkwe. Mkwe wangu si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Alinikumbatia mbele za watu, "Niaje, mathe!", amevaa suruali iliyochanika magoti mawili ambayo ati aliinunua hivyo. Alinilipia tiketi niingie kwa baba yangu. Akanitafutia mahali pa kukaa, akachuma plamu, akaninyoshea kwa mkono mmoja, macho yako kwenye simu.

Nikasema nimeshiba.

"Sawa, mathe," akasema, akaila yeye.