Neno Lililoandikwa Kifuani

Mimi ndiye niliyetaka hijabu. Binti yangu nilimpa sharti moja: chuoni utacheza mpira, golini utakaa, lakini kichwa hakitakuwa wazi. Alikuwa akijifunga mtandio wa kawaida, na kila akiruka unamfunika macho.

Basi chuo kilipoita wazazi kuchagua kampuni mpya ya jezi za wasichana, nilikwenda. Chuo hicho hicho mimi nasoma jioni, kwa hiyo viti vyake sikuviogopa. Mezani kulikuwa na jezi tatu. Ya alama ya mshale ndiyo wanayovaa wakubwa kwenye televisheni, jasho halikai, lakini ikichanika moja lazima uagize seti nzima. Ya alama ya kifaru ni ngumu, haichuji, ila za wasichana hawana, wanakupa za kiume saizi ndogo. Ya tatu sikuwahi kuisikia. Laini, haionyeshi mwili, mikono mirefu, na hijabu ya michezo ya rangi ile ile.

"Hii nimeitafuta kwa ajili yako, Mama," kocha akaniambia.

Nikaigeuza. Jina la kampuni limejaa kifua kizima. Huko kwao eti maana yake upepo. Kwetu ni tusi la nguoni, lile la mama, ambalo nililitamka utotoni Tanga nikapakwa pilipili mdomoni. Sijalitamka tena, na hapa siliandiki.

"Hii haifai," nikasema kwa Kiingereza. "Jina lake ni neno baya."

"Baya vipi, Mama? Maana yake nini?"

Ningelitamkaje? Ukumbi umejaa wanaume. Kulikuwa na baba mmoja Mkongo, mlinzi, jirani yetu huku ugenini, mtaa wa Bellevue. Alishalisoma, amejiziba mdomo kwa leso. Akanigeukia kwa Kiswahili chao:

"Sema tu, mama. Hapa wote ni bakubwa."

"Sema wewe, baba."

"Miye? Miye niko mtu wa kanisa!"

Kisha akanyoosha mkono kuichagua. Wakanyoosha wote. Kocha akanitazama kama mtu aliyekupikia ukasusa.

Mechi ya kwanza, wanaume wa mtaani walijipanga kwenye uzio, Watanzania na Wakongo. Binti yangu akadaka. Wakaanza kuliimba lile neno, kwa makofi. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ananijibu Kizulu, na neno lile halijawahi kuingia nyumbani kwangu. Akadhani wanamshangilia. Akawapungia mkono. Eish, walivyocheka!

Nikawafuata. "Nyie hamna mama?"

"Tunao, mama. Sisi tunasoma tu kilichoandikwa. Si mlitupeleka shule?"

Mechi ilipoisha akanikimbilia, hijabu imemkaa, hata unywele mmoja hauonekani. "Bayangithanda, Mama!" Wananipenda. Nikamwambia umedaka vizuri. Na kweli alidaka vizuri.

Miaka yote nimemwomba Mungu mtoto huyu aseme lugha yangu, japo sentensi moja. Jumatatu alirudi, mwenzake Mkongo ameshamweleza. Nilikuwa bado kwenye mswala. Akaitupa jezi mbele yangu.

"Mama," akasema, Kiswahili kitupu, "ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nivae?"

"Nilisema halifai. Hawakunisikia."

"Mimi hukuniambia."

Halafu akaniita kwa lile neno. Taratibu, lafudhi safi ya Tanga, kama nilivyolisema mimi siku ya pilipili.

Sikumpiga. Niliiosha jezi, nikaigeuza ndani nje, nikaianika hivyo ili majirani wasisome. Nikaikunja pamoja na hijabu, nikaviweka kitandani kwake. Hakuvigusa.

Kipa anaruhusiwa rangi tofauti. Jumamosi alitoka na jezi yake ya zamani, ya kiume, shingo pana, kichwa wazi. Kwenye uzio hawakuwa na cha kusoma wala cha kuimba. Nilisimama pale mpaka filimbi ya mwisho, hijabu imo mkobani, naye hakugeuka kunitazama hata mara moja.