Mama Hewa wa Chumba cha Chini

Kila asubuhi, watu waliotoka nje, jua likiwa limewapiga usoni na upepo umewapita masikioni, walishuka ngazi kwenda kumuuliza mwanamke aliyekaa kwenye chumba kisicho na dirisha: "Mama Hewa, leo kukoje huko juu?"

Naye akawajibu. Wakaondoka wameridhika, wamevaa alivyowaambia.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo la klabu ya gofu, ukishuka ngazi za saruji nyuma ya jiko. Ukuta mmoja viatu, mwingine makoti, wa tatu rafu za mashati na kofia. Ukuta wa nne ulipitiwa na bomba nene la chuma lililoshusha maji ya mvua kutoka paani mpaka mtaroni. Taa iliwaka kutwa. Kulikuwa na harufu ya dawa ya viatu, ngozi iliyolowa na poda ya miguu ya wanaume. Mama Hewa alikuwa na kikohozi kidogo, akisema si chake, ni cha chumba, kwa sababu siku za mapumziko kilimwacha kabisa.

Hakuanzia humo. Aliajiriwa udobi, kule nyuma kwenye kamba za kuanikia, ambako angalau mtu anaona mawingu. Kisha mtu wa chumba cha chini akaenda likizo, naye akaambiwa ashikilie kwa muda tu. Yule mtu hakurudi, na huo muda ukaota mizizi. Kitinda mimba wake, aliyekuwa mgongoni enzi hizo, sasa alikuwa msichana aliyempita mama yake urefu.

Kilichomponza ni kuipenda kazi kabla hajajua itamfikisha wapi. Mtu akitaka shati, hakumuuliza saizi. Alimwambia, "Nyanyua mikono kama unaanika nguo." Shati likichomoka kwenye suruali, halifai, maana mcheza gofu anazungusha mwili mzima, na shati la kuchomekea kila dakika litamtia hasira mapema. Kukiwa na jua alitoa shati jepesi lisilokoza rangi, linalokauka likiwa mwilini, na kofia ya ukingo wa kuzunguka kichwa chote, si ile ya paji la uso peke yake, kwani shingo nayo ni ngozi. Kwa baridi ya asubuhi alitoa sweta lisilo na mikono, kifua kipate joto na mabega yabaki huru. Kukiwa na mvua, glavu ya kitambaa, kwa sababu ile ya ngozi ikilowa, fimbo inateleza kama sabuni. Juu ya hayo, soksi za akiba, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Na koti la mvua alilifikicha kwanza karibu na sikio. Likichakarika, alilirudisha, asije mtu akapigiwa kelele na koti la mwenzake wakati analenga shimo.

Na hali ya nje alijuaje? Aliisoma kwa waliotoka nje. Wa kwanza kushuka alikuwa mbeba fimbo mkongwe waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake. Mama Hewa alimtazama soli: zina umande, vumbi, au tope? Alimtazama mgongo wa shati. Alimnusa kidogo, na Kijiti alishazoea kunuswa. Bomba la ukutani nalo likianza kuguna, basi, mvua imefika.

Lakini kitu kimoja hakuwahi kukiona. Wafanyakazi waliingilia mlango wa nyuma, penye ua mrefu wa miti, na saa yake ya kupumzika ndiyo saa wachezaji wanaporudi na viatu vyao. Kwa hiyo miaka yote ile ya kuwavalisha watu wa gofu, hajaona hata mara moja mpira ukipigwa ukaruka.

"Unafanana na nini?" aliwahi kumuuliza Kijiti.

"Mpira? Si unaufuta matope kila siku, dada?"

"Nauliza ukiwa angani."

Kijiti akafikiri. "Huuoni. Unamwona mtu kainua uso, kaganda, halafu anatukana. Basi ujue mpira uko angani."

Mama Hewa akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo zikaja habari kwamba mzee wa kibanda cha kuanzia anastaafu. Kibanda hicho kiko penye nyasi, pale mpira wa kwanza unapopigiwa. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti, kuita wachezaji kwa zamu, na kutazama. Mshahara ni uleule. Mama Hewa hakulala vizuri wiki hiyo. Nyumbani mumewe, ambaye mgongo ulimwachisha kazi ya ukuli, alimwambia, "Nenda ukaombe. Kuomba si kuiba." Kuacha kazi kabisa hawakukuzungumzia, kwani sufuria ya nyumba ile ilimtegemea yeye.

Akapiga moyo konde, akapanda kwa mkubwa wa klabu. Huyo wote walimwita Kapteni, ingawa hajapanda hata mtumbwi.

"Kapteni, naomba kile kibanda."

Kapteni akamtazama kama mtu aliyeambiwa mlango wa nyumba yake unataka kuhama. "Wewe? Ukakae juani?"

"Ndiyo, mzee. Hilo jua ndilo ninalolitaka."

"Na sisi atatuvalisha nani, mama?"

"Nitamfundisha mtu."

"Hili halifundishiki," alisema Kapteni kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Hebu mashindano yapite. Tutaona."

Kijiti alipopata habari akatikisa kichwa. "Tutaona? Dada, hapo umeshanyimwa, bado kufungashiwa tu. Wewe ungekuwa mbovu kidogo, ungekuwa juu zamani. Mimi nilipokuwa jikoni niliunguza uji, nikaunguza tena, wakasema huyu apelekwe nje. Leo nakula upepo."

"Uliunguza makusudi?"

"Mara ya kwanza hapana."

Maneno hayo yakamkaa kichwani. Alikunja mashati akiyawaza, akapiga viatu brashi akiyawaza. Akajiambia ni ujinga. Wangeweza kumfukuza kabisa. Halafu akajijibu kwamba hapana, mtu wa siku nyingi hafukuzwi kwa kosa moja, anahamishwa tu. Na nafasi iliyo wazi ni moja.

Siku ya mashindano Kijiti alishuka soli zikiwa na vumbi jekundu, mgongo umeshaanza kulowa jasho asubuhi ile. Hakuna unyevu hata wa dawa. Mama Hewa akamnusa: jua tupu. Basi kila aliyeshuka akamtoa na shati jepesi, kofia pana, glavu nyembamba ya ngozi na krimu ya kupaka shingoni. Aliwavalisha vizuri kama kawaida yake, kwa kuwa hakuwa na ugomvi nao.

Kapteni akaja wa mwisho, anapuliza mluzi. "Haya, Mama Hewa. Leo kukoje huko juu?"

Mama Hewa akageukia makoti. "Leo uvae mazito, Kapteni."

"Mazito?"

Akamtolea sweta zito la sufu, suruali ya mvua ya kuvaa juu ya suruali, koti la mvua la kijani, lile zuri kuliko yote, na glavu za kitambaa za mikono yote miwili. "Tena uvae tangu mwanzo. Usisubiri."

"Lakini nje jua linawaka mpaka..."

"Wewe si umeniuliza mimi?"

Kapteni akanyanyua mikono kama anaanika nguo, mtu mzima na cheo chake, akazungushwa, akafungwa zipu mpaka kidevuni. Alipofika juu ya ngazi, Mama Hewa akasikia kicheko cha wenzake, mmoja akimuuliza kama anakwenda kuvua samaki. Na sauti ya Kapteni ikajibu, "Mama Hewa amesema."

Hilo ndilo lililomuuma. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Akilini alimwona Kapteni akitokota ndani ya sufu kama mhogo sufuriani, fimbo zikienda mrama, uso umeiva. Akaona huruma. Hata hivyo, chini ya huruma ile, moyo ulikuwa tayari umeshapanda ngazi, umeshafika kwenye nyasi, unatafuta kiti. Akaanza kupanga ni nani atamwachia funguo.

Ilikuwa mchana bomba lilipokohoa.

Akadhani ni jikoni wamemwaga maji. Likakohoa tena, likaguna, halafu likaanza kuunguruma kama gari linalopanda mlima, maji yakipita ndani yake kwa fujo. Mama Hewa akainuka, akaliwekea kiganja. Lilikuwa baridi kama barafu. Akabaki amelishika hivyo hivyo, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Walirudi wakiwa wamelowa chapachapa. Mvua ya upepo imetoka nyuma ya kilima bila hodi, walisema, imewakuta katikati ya uwanja. Mashati yale mepesi yamewaganda mwilini, glavu za ngozi zinateleza, mmoja fimbo ilimponyoka ikaruka mbali kuliko mpira. Wakajipanga kwenye ngazi wakitetemeka, na Mama Hewa akagawa taulo akingoja watukane. Alitaka watukane. Alikuwa amewavalisha vibaya wote, na hili lilikuwa kosa la kweli, si la kutengeneza.

Kapteni akashuka wa mwisho, mkavu kama biskuti, kikombe cha ushindi kwapani.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia. "Jua linawaka, yeye ananifunga zipu mpaka hapa. Mlinicheka. Haya, chekeni sasa."

"Kapteni," alisema Mama Hewa, "nilikosea. Nilidhani ni jua. Wewe nilikuvalisha tu... Nilikuvalisha ili uchukie. Ili mnitoe humu."

Ngazi nzima ikaangua kicheko.

"Nimewaambia huyu mama ana utani," alisema Kapteni, akijipangusa macho.

"Amekupendelea," alilalamika mmoja, taulo shingoni. "Mama Hewa, siku nyingine na sisi utunong'oneze, basi. Tumekukosea nini?"

"Sikujua, baba. Ninawaapia."

"Aah, usituzungushe. Ulijua."

Wakamwamini kwa mazuri asiyoyafanya, na kwa mabaya aliyoyakiri hawakumwamini. Kapteni akavua lile koti la kijani, akamkunjia mikononi. "Hili ni lako. Na kibanda tumempa mlinzi wa getini. Nilikuwa nasitasita, nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshaanza kukuonea huruma. Lakini baada ya leo, mama, nikikutoa humu hawa wataniua."

Mama Hewa alisema ahsante. Ilimtoka yenyewe, kama inavyomtoka kila anapopewa viatu vichafu.

Nyumbani kitinda mimba wake alilipapasa koti lile, akauliza utalivaa lini, mama, na mama akasema hajui. Mumewe akauliza wamesemaje. "Wamesema siku hizi nina utani," akajibu, akageuza mboga.

Kesho yake alifika mapema kuliko wote. Akawasha taa. Viatu vya jana vilikuwa vimejaa magazeti ya kunyonyea maji, vimepangwa mstari. Akalichukua koti, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akalifikicha karibu na sikio: halichakariki. Akanyanyua mikono kama anaanika nguo, akazungusha mwili wote, polepole, kama alivyosikia kwamba mtu hufanya akipiga mpira, kisha akainua uso kuufuata. Juu kulikuwa na taa, na dari, na kile kipande cha plasta kilichobanduka zamani.

Koti lilimkaa vizuri mno. Mabega huru, kiuno hakikuvutwa.

Bado ameinua uso, akasikia viatu vya Kijiti kwenye ngazi, na nyuma yake viatu vingine. Soli kavu. Vumbi kidogo. Akavua koti, akalitundika na mengine.

"Mama Hewa," sauti ikaita kabla mwenyewe hajaonekana, "leo kukoje huko juu?"