Hodi ya gari lisilo na mlango

Maonyesho ya magari ya kale, Maisara. Bi mkubwa aliyejitanda buibui analizunguka gari la spoti la enzi za babu zetu, boneti yake imefungwa kwa mkanda wa ngozi.

“Mlango wake uko wapi?”

“Halina, Bi. Walioliunda waliuacha makusudi, liwe jepesi likimbie,” anajibu mwenye gari. “Lakini hapandi mtu.” Mimi alishanifukuza nilipojaribu.

Bi mkubwa akavua viatu, akavipanga vizuri kwenye majani.

“Hodi!”

Akapiga ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima.

“Karibu,” neno likamponyoka mwenye gari.

“Nshakaribia,” akajibu, mguu mmoja tayari ndani.

Mwenye gari akanitazama nimsaidie. Nimsaidieje? “Karibu” ameshaisema, na mlango wa kumfungia mgeni hana.