Mkwe Tuliyekutana Naye Ukunguni

Habari kwamba dada yangu amejifungua huko Nunguni zilipotufikia, mama alijaza asali kwenye kibuyu, akatia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ndani ya kiondo, kisha akaniambia nitafute sweta. Sikuwa na sweta. Sisi ni watu wa Kitui, upande wa jua. Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ya sabini, na mimi nilikuwa nimetoka bweni juzi tu.

Tulishuka Nunguni tukitetemeka. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: safu mbili za maduka, mafundi cherehani barazani, na soko lililokaa mteremkoni kabisa, hata chungwa likikuponyoka unalikimbiza hadi kwa muuzaji mwingine. Kila upande ni kahawa na ndizi. Mama alitazama ule ukijani wote akasema, "Hawa watu wanalima hadi ukutani."

Kwa dada tulipokewa vizuri sana. Mtoto alikuwa mnene, wa kike, na mama mkwe wa dada alikuwa mwanamke mcheshi aliyetulisha parachichi asubuhi, mchana na jioni. Mtu mmoja tu hakuwepo: baba wa mtoto. Alifanya kazi ya ufundi wa magari kule Salama, kwenye barabara kuu, na hakuwa amepata ruhusa. Mimi sikuwa nimewahi kumwona, kwa sababu mahari ilipopelekwa nilikuwa shuleni. Mama naye alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, kwa upande wa kisogo. Kwa desturi yetu Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani uso kwa uso. Wakielekea kukutana njiani, mmoja huingia kichakani. Tunaiita nthoni, yaani haya, na mama yangu aliishika barabara.

Siku ya soko mama alitaka kwenda kujionea. Tulinunua mkungu wa ndizi, tukazunguka hadi miguu ikachoka, na tulipoanza kurudi ukungu ukashuka. Mimi nilidhani mtu anachoma shamba. Dakika chache baadaye sikuona hata mwisho wa mkono wangu. Njia zikawa nyingi, zote katikati ya mashamba ya kahawa yanayofanana, na mara ya pili tulipopita kwenye kisiki kilekile mama akaketi juu yake.

"Nimekataa," akasema. "Nchi gani hii inayofichwa mchana?"

Ndipo tukasikia mtu anapiga mluzi. Mwanamume akatokea, gunia amelivaa kichwani kama kofia ya mvua, na juu ya gunia amebeba beseni jipya la bati.

"Mama, mmepotea?"

"Hatujapotea. Ni njia imepotea. Tupeleke mpaka kanisani, kutoka hapo tunajua."

Akacheka, akatwaa mkungu wa ndizi, akatangulia. Alikuwa na maneno matamu. Aliuliza tunaonaje baridi, mama akamwambia kwetu baridi ni kitu cha kuhadithiwa. Wakapatana upesi kama watu wa kijiji kimoja, na mama, akishapatana na mtu, hufungua moyo wote.

"Nimekuja kumwona mjukuu," akasema. "Mtoto mzuri! Lakini baba yake? Ati yuko Salama anatengeneza magari. Mtu analala chini ya tumbo la gari, na mtoto wake hajui amefanana na nani!"

Mluzi ukakatika.

"Labda tajiri wake ni mkali, mama," yule mtu akasema, sauti imeshuka.

"Mkali kumshinda mama mkwe?"

Alivuta gunia likamfika puani, akaanza kwenda mbio mbio, beseni linagonga ndizi, nasi nyuma yake tunahema. Mama akaninong'oneza, "Huyu naye amepatwa na nini?"

Tulipofika karibu na kanisa upepo ukavuma, ukungu ukapasuka, na mama mkwe wa dada akawa amesimama pale njiani, ametoka kututafuta. Akapiga kigelegele.

"Mwanangu umekuja! Na mkweo umemleta mwenyewe!"

Sijawahi kumwona mama akienda upesi vile. Alifunika kichwa kwa leso akazama nyuma ya mti wa kahawa. Mkwe naye alijigeuza akautazama ukuta wa kanisa, beseni kichwani, ndizi mkononi. Mama mkwe wa dada alicheka hadi akashika magoti.

"Mwambie," mama akaniambia kutoka kichakani, "yale maneno ya magari nimeyarudisha."

Nikavuka njia nikamwambia.

"Mwambie ni ya kweli," akajibu, akiuambia ukuta. "Mwambie pia beseni ni la kumwogeshea mtoto."

Nikarudi. Mama akauliza, "Ni kubwa?"

"Ni kubwa," nikasema.

"Basi ana akili."

Jioni wazee wa mji ule walikaa kulijadili jambo hilo. Mmoja alishikilia kwamba waliotembea ukunguni hawakuonana, kwa hiyo hakuna kilichovunjwa. Mwingine akasema waliongea, na mdomo uko usoni. Mwishowe wakakubaliana achinjwe mbuzi, ile nthoni iondolewe moja kwa moja, kuliko mama wa watu kuwa anaruka vichakani kila akija kumwona mjukuu. Mbuzi akaliwa kwa furaha, na naamini yule mzee wa mdomo alikuwa ameionea hamu nyama tangu mwanzo.

Kesho yake mkwe alikuja sebuleni, gunia hana. Alikuwa kijana tu, masikio makubwa, ameinamisha kichwa. Mama alimtazama kwa mara ya kwanza, akamtazama mtoto, akamtazama tena.

"Haya," akasema, "sasa najua masikio yametoka wapi. Keti, mwanangu, unywe chai."