Lengo la Elia Laanzia Kwenye Sahani

Asubuhi, kabla vumbi la mawe ya dhahabu halijapanda katika kata ya Kemambo, wilayani Tarime, Bernadetha Mniko amesimama mbele ya ubao. Wanafunzi wake ni watu wazima, wahudumu wa kituo kinachosaidia watoto wadogo waliochelewa kukaa, kusema au kutumia mikono. Anawafundisha kumwandikia kila mtoto lengo lake mwenyewe, na leo aliyebanwa ni Nashoni.

Kwa mtoto anayemhudumia, Nashoni ameandika: Elia ashike kijiko.

"Nyumbani kwa Elia nani anakula kwa kijiko?" anauliza Bernadetha.

Nashoni anacheka kwa aibu. Hakuna. Hata yeye ugali anaula kwa mkono. Kijiko kilitoka kwenye kikapu cha vifaa vya kituo, kikaingia katika malengo ya watoto wote bila kubisha hodi.

Bernadetha, mkongwe wa kazi hii Tarime, hagombi. Anabeba mkoba wake na kumwongoza Nashoni hadi kwa Rhobi, mama yake Elia, anayeponda mawe ya dhahabu kutwa. Rhobi anawaamkia, kisha anasema wazi kwamba mtoto hatampeleka tena kituoni. Siku ya kijiko ni siku bila mawe, na bila mawe hakuna unga.

Bernadetha anamuuliza yeye anatamani nini. Machozi yanamlengalenga Rhobi.

"Mimi nikiwa kwenye mawe, watoto wanakula sahani moja. Elia hajaweza kukaa vizuri, sahani haifikii. Wenzake wakishamaliza, basi. Mama, nataka mwanangu asishinde njaa nikiwa sipo."

Nashoni anainamisha kichwa, anaandika upya: Elia achukue ugali mwenyewe kwenye sahani moja na ndugu zake. Anamsomea Rhobi.

"Hilo hata mimi nitamfundisha," anasema Rhobi.

Walianza hapohapo. Elia aliegemezwa ukutani, sahani ikasogezwa, dada yake Beatrice akapewa kazi ya kumkatia matonge. Mengi yalianguka, na kuku wa Rhobi walinenepa msimu ule.

Sasa Bernadetha anafunga safari ya Natta, wilayani Serengeti, kufundisha wahudumu wengine. Anaota siku ambayo hatakuta watoto wawili wameandikiwa lengo moja kwa kunakili. Kabla ya kuondoka alipita kwa Rhobi, na Beatrice akamjia na mashtaka.

"Shikamoo mama. Mwambie Elia, anatumalizia mboga."

Rhobi alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Bernadetha anasema kwamba huko Natta somo lake litaanza na mashtaka hayo.